Mbalamwezi Hakuozwa

"Shemeji, hebu nikumbushe," alisema Budeba, ameegemea fimbo kwa unyenyekevu wa mtu aliyeingia kanisani kuiba sadaka. "Yule ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe, Mbalamwezi, kwangu alifikaje?"

Kashindye aliacha kusukasuka kibuyu cha maziwa. Akafungua kinywa. Akaimba maneno mawili, akakwama.

Tangu familia ihamie Usangu, mwanamke huyu ndiye aliyekuwa benki, masijala na mahakama ya rufaa ya ng'ombe wa marehemu mumewe, waliotawanywa kwa ndugu na majirani wawatunze. Kila aliposuka maziwa aliwaimba: nani kamzaa nani, na yuko zizi gani. Mwanawe Antoni, mwalimu kule Chimala, alimwita Kompyuta. Mashine hiyo aliisikia redioni tu, na kwa kuwa hakuna pale aliyewahi kuiona, hakuna aliyebisha. Lakini malaria ilikuwa imempanda mama kichwani, na sasa nyimbo zake zilikuwa na matobo.

"Umechoka, shemeji," Budeba alisema kwa huruma nzito. "Basi tuseme nilipewa, awe wangu." Akaenda zake akipiga mluzi.

Antoni alipopata habari alikuja mbio na kalamu. "Nitajie wote, mama, niandike."

"Karatasi hata mchwa wanaisoma."

"Nitaifungia kabatini."

"Basi mwenye ufunguo ndiye atakuwa mwenye ng'ombe."

"Nifundishe mimi, basi."

"Wewe peke yako? Kwani mbu wa Chimala wamekuapia hawatakuuma?"

Akamwita Matilda, mkwewe wa nyumba ya pili, ile ya mke mwenzake. Akaagiza pia Esta, bintiye aliyeolewa na Kalinga huko Ipogolo, aje. Esta alishuka kwenye basi na mtoto mgongoni, akaingia uani, akasikia mama akiimba na kukwama, na bila kuweka mzigo chini akamalizia:

"Mbalamwezi, binti wa Kijivu, kaenda kwa Budeba kukamuliwa, hakuozwa."

Kashindye akamkodolea macho. "Umeyatoa wapi?"

"Mgongoni kwako, mama. Ulidhani nilikuwa nalala?"

Msimu mzima Antoni, Matilda na Esta walisuka maziwa mpaka mikono ikaota sugu. Aliyekwama alizibwa tobo na wenzake. Aliyekosea alichekwa mpaka akome. Esta akaenda Ipogolo, akarudi, akapimwa upya kama mwanafunzi aliyetoroka bweni.

Ndipo Kashindye akakibeba kibuyu chake hadi kwa Budeba, binti na mkwe nyuma yake, Antoni akiwa shuleni Chimala. Hakubisha hodi. Akaketi kando ya zizi, majirani wakisogea, akaanza kusukasuka na kuimba:

"Mbalamwezi, binti wa Kijivu, kapewa Budeba moja kwa moja…"

Budeba akatabasamu. "Mmesikia wenyewe!"

"Umekosea, mama!" Matilda akadakia. "Kaenda kukamuliwa!"

"Hakuozwa!" Esta akapigilia.

"Mmepanga!" Budeba akafoka.

"Tumepanga, baba mdogo," Esta akajibu. "Na Ipogolo wanangu wanauimba wimbo huu, watoto wa Wahehe jirani wameudaka. Panda basi ukawasahaulishe."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Kashindye hakumtazama shemeji yake. Aliinamia kibuyu akaurudia ubeti, safari hii bila kosa, taratibu, maziwa yakigonga ndani.

Zizini, mwekundu mmoja aliacha kutafuna, akainua paji lake jeupe, akageuza masikio kuelekea sauti ile.