Nyumba Tuliyoinyamazisha

Mwanangu hakuwa mgonjwa wa kulala kitandani, ndiyo maana tulichelewa. Angekuwa na homa ningemshika paji la uso nikajua. Yeye alikuwa anakula, anaoga, anacheka pale pa kuchekea, ila usingizi ulikuwa umemhama. Anarudi kutoka kazini asubuhi, anajilaza, jua linazama, anaamka vilevile alivyojilaza, macho mekundu kama mtu aliyeshinda anapuliza kuni mbichi.

Alikuwa anafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha soda. Huko wanamwita Kizibo, maana aliingia bado kijana wakamweka kwenye mashine ya kufunga vizibo. Baadaye akapandishwa, akawa msimamizi wa mashine nzima, ila jina halikupandishwa naye. Mimi nilikuwa naringa mtaani, sikufichi. Nimetengeneza baiskeli maisha yangu yote, shule nilikaa kiasi cha kujua kuandika jina langu bila kulikosea, basi. Sasa mtoto wa fundi baiskeli asimamie mashine ndefu kama uchochoro wetu, unataka nini tena duniani?

Basi siku moja akasinzia kazini. Alisinzia wima, kama kuku kwenye kijiti. Chupa moja ikaanguka kwenye ule mkanda unaozibeba, nyingine zikaipanda mgongoni, mashine ikakwama. Mkubwa wa kiwanda akamwita, akamwambia kwa upole kabisa kwamba akikutwa anasinzia tena, kesho yake asijisumbue kuja. Upole wa mkubwa uuogope. Anayefoka bado ana haja na wewe.

Kwa hiyo shida yetu ikawa moja tu, iko wazi kama jua: Kizibo alale mchana, asije akasinzia usiku. Akilala, kazi ipo na nyumba ipo. Asipolala, ndiyo hivyo tena.

Mke wake akamkokota kwa daktari. Nami nikafuata nyuma, tukaingia watatu, yeye katikati kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Daktari alikuwa binti mpole, akamuuliza maswali mengi, akasema huo ni msongo wa mawazo. Zamani tulisema tu fulani ana mawazo, tunamwachia kiti kivulini. Siku hizi yamekuwa msongo, kumbe yanasonga kweli. Akamwambia apumue polepole, apunguze chai, atembee kidogo juani, aseme yaliyo moyoni, na alale mahali penye kimya.

Hayo mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile. La kimya ndilo tulilolishika, kwa sababu ndilo tuliloliweza sisi. Mtu hawezi kumpumulia mwenzake polepole. Lakini mlango unaolia, huo naujua dawa yake.

Nikatoa kopo langu la mafuta ya baiskeli. Nikaanza na bawaba za mlango wa mbele, nikaenda wa nyuma, madirisha, kabati la vyombo, mpaka kitanda chao chenyewe nikakilalia chini uvunguni kama fundi wa magari. Mkwe wangu akaniambia, baba, ukimaliza hapo unitie na mimi magotini. Tukacheka, kwa sauti ya chini. Kicheko cha mwisho cha nyumba ile, kama nakumbuka vizuri.

Yeye mkwe alikuwa anashona nguo hapo nyumbani, cherehani yake ya miguu iko sebuleni. Akaihamishia kwa jirani, akawa anashonea barazani kwa watu. Jogoo tulikuwa naye mmoja, mlokole, anawika hata saa zisizo zake. Tukamla. Fundi redio wa nyumba ya pili nilimwendea mwenyewe, nikamwomba ageuze spika zake zitazame upande wa pili. Akasema, mzee, upande wa pili kuna msiba. Nikamwambia basi wafiwa watachangamka. Akageuza.

Na binti yao, mjukuu wangu, ambaye marehemu bibi yake alikuwa akimwita mke mwenzangu, tukamfundisha kutembea kwa vidole na kunong'ona. Watoto wanashika haraka mambo wasiyotakiwa kuyashika. Mwalimu wake akatuita, akauliza kama mtoto ana tatizo la koo, maana darasani akisimama kujibu hasikiki.

Nyumba ikanyamaza. Ilinyamaza mpaka ukawa unasikia maji yanavyotulia mtungini. Nilikaa pale mlangoni kama askari, kila apitaye namwekea kidole mdomoni, nikajiona mganga.

Lakini Kizibo akazidi. Mwanzo alikuwa analala macho wazi. Sasa akawa anaamka kabisa, anakuja mpaka mlango wa sebuleni, anasimama na kaptura yake, shingo kaikaza, anasikiliza. Husemi naye wala hakuoni. Anasikiliza kama mtu anayengoja kuitwa. Halafu anarudi kitandani, kidogo tu, huyo tena.

Siku moja akaniuliza, "Baba, mbona kimya hivi?"

"Tumekunyamazishia nyumba, mwanangu. Lala."

Akasema, "Asanteni," akarudi ndani. Ile asante yake mpaka leo haijanishuka. Iko hapa.

Asubuhi moja baridi ilikuwa kali, na yeye tangu akose usingizi alikuwa anatetemeka ovyo. Mkwe akanipa sweta nimpelekee kabla zamu haijaisha, atoke nalo. Askari wa getini nilimtengenezea baiskeli tangu ana nywele, kwa hiyo akaniruhusu mpaka kwenye lango kubwa la ndani, akaniambia nisiguse kitu.

Wee, kile kishindo sikukisikia kwa masikio. Nilikisikia kwa meno. Chupa zinakimbia zimepangana kama watoto wa shule, zinagongana, zinalia, chuma kinapiga chuma, mvuke unapuliza, na watu wamo humo humo wanataniana kwa ishara za mikono. Kijana mmoja alikuwa anacheza ngoma peke yake anapanga kreti. Mwanangu alikuwa amesimama katikati, mabega yameshuka, uso umelegea. Nilikuwa sijauona uso huo muda mrefu. Nikasema moyoni, kumbe huku ndiko anakopumzika.

Ghafla kikakatika. Sijui chupa ilianguka wapi. Kimya tu, puu, kama umefunikwa blanketi. Na wale watu wote wakainua vichwa kwa pamoja kama swala. Yule wa ngoma akaganda, mkono juu. Hakuna aliyetazama mashine. Walitazama simu, ipo ukutani, nyeusi, na juu yake dirisha la kioo la mkubwa. Simu ikalia. Kizibo akaenda kuipokea, na alivyokuwa anakwenda nikaiona shingo yake. Ilikuwa shingo ile ile ya mlango wa sebuleni.

Sikusubiri hata kumpa sweta. Nilimwachia askari, nikarudi nyumbani nusu natembea nusu nakimbia, mzee mzima. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nimeisema methali hiyo kwenye harusi na kwenye vikao, najikohoza, watu wanatikisa kichwa. Sikuwahi kujua inasema nini.

Nikamwambia mkwe, "Mama, kule kimya ndiyo balaa lenyewe. Mashine ikinyamaza ndipo anapoitwa kulaumiwa. Sisi tumemfungia ndani ya dakika hiyo mchana kutwa."

Akakaa chini. Akavua kitambaa kichwani akakikunja, akakikunjua.

Tukaanza kuirudisha kelele. Usidhani ni rahisi. Cherehani ikarudi, ila cherehani inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama. Kila mkwe akisimama kukata uzi, Kizibo anaruka kitandani. Ikawa mbaya kuliko kimya. Fundi redio naye alikuwa ameshapata wateja wake upande wa pili, wafiwa walimzoea. Yule mjukuu nikamwambia, mke wangu, imba, piga kelele, vunja kikombe ukipenda. Akafungua mdomo, akanong'ona. Na milango yangu, nilikuwa nimeitia mafuta mema, ya kazi. Haikulia tena.

Ndipo nikakumbuka mashine ya kusaga, pale karibu na kisima. Mwenye mashine wanamwita Pumba. Unga anachukua mteja, yeye kaachiwa jina. Mashine yake inanguruma asubuhi mpaka jioni, haipumui, na foleni ya akina mama na ndoo zao haikatiki. Nikampeleka mwanangu pale alipotoka kazini, nikatandika gunia nje, ukutani, upande ule ule ambako mashine imefungwa. Nikamwambia, egemea hapa unisubiri, nina maneno na Pumba.

Nilipogeuka alikuwa ameshalala.

Alilala kama alivyokuwa analala akiwa mtoto, mdomo wazi, mkono mmoja umekunjiwa chini ya shavu. Vumbi la unga likamshukia kichwani akawa mzee kunizidi. Akina mama wakamcheka, mmoja akasema huyu akigeuzwa tu ni chapati. Pumba akawaambia wanyamaze, kisha akajicheka mwenyewe, kunyamaza kwa ajili ya nini na mashine inalia hivi. Mimi nilikaa pembeni yake na machozi yananitoka, nasingizia unga.

Akawa analala pale. Wiki ile niliona kama tumemvusha. Rangi ikaanza kurudi, akaanza kuongea mezani, akamuuliza binti yake mambo ya shule, na binti akamjibu kwa sauti inayosikika, kidogo.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Kule kiwandani mashine ikakwama, mambo ya kawaida, hakusinzia safari hii, macho yalikuwa wazi. Simu ikalia. Wenzake wanasema alisimama mbele ya simu hiyo, mikono imeziba masikio, simu inalia, yeye kasimama, mpaka mkubwa akashuka mwenyewe ngazi. Hawakumfokea. Walimpa kiti, wakampa soda. Asubuhi akaniletea habari pale pale ukutani kwa Pumba, akasema, "Baba, wameniambia nikapumzike." Akajilaza kwenye gunia lake akalala.

Usingizi ameupata, na kazi aliyokuwa anautafutia haipo tena.

Nilidhani sasa, kwa kuwa simu ile haimhusu, kimya kitamwachia. Mwili hauambiwi habari hizo. Nyumbani bado anasimama mlangoni, anasikiliza. Mkwe sasa ndiye anayetoka, kapata kazi ya kushona sare huko mjini, anarudi amechoka, na juzi nimemwona amekaa kwenye ngazi ya nje, hajaingia bado, mkoba mapajani, anatazama tu mlango. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, baba, nakaa kidogo. Macho yake yalikuwa na ule wekundu. Nikaingia ndani. Ningemwambia apumue polepole?

Kila asubuhi nampeleka mwanangu kwa Pumba. Watoto wa mtaani walishaacha kumcheka, sasa wanamruka tu kama wanavyoruka mtaro. Pumba haniulizi mpaka lini. Ni mtu mwema, na watu wema ndio hawakuulizi.

Leo mchana umeme umekatika. Mashine ilinguruma, ikashuka, ikakoroma, ikakata. Akina mama wakasonya, wakaanza kuketi juu ya ndoo zao. Kizibo akainuka kama kavutwa na kamba. Akaingia mle ndani mbio, kavaa unga mwili mzima, anashika mkanda, anashika kile chuma cha kumwagia nafaka, mikono inatafuta chupa iliyoanguka.

"Nani kaisimamisha?"

Nikamshika kiunoni. "Umeme, mwanangu. Si wewe."

"Simu italia."

"Hapa hakuna simu."

"Italia tu, baba," akasema, kwa upole, kama anayenihurumia kwa kutojua.

Nikamtoa nje, nikamrudisha kwenye gunia. Nikaangaza huku na huku, nikaona debe tupu, nikalichukua nikaliweka mapajani, nikaanza kulipiga kwa viganja. Sijui ngoma mimi, hata harusini nilikuwa mtu wa kukaa na vyombo. Nikapiga tu, du, du, du, bila kusimama. Akina mama wakageuka. Mmoja akafungua mdomo atanie, akamwona Kizibo, akaufunga.

Akaegemea ukuta. Shingo ikalegea. Nikapunguza mwendo taratibu, nikafuata kifua chake kinavyopanda na kushuka, mpaka akalala.

Pumba akaja akasimama juu yangu, anajipangusa. Akaniambia, "Mzee, umeme leo haurudi. Wamesema ni nguzo imeanguka."

Nikamwambia nimesikia. Mkono wa kulia ulikuwa umeshaanza kufa ganzi, nikahamia wa kushoto.