Mama Aliyeazimwa

Mama alikuwa yaya kwa bwana mkubwa wa serikali, kule mlimani walikoishi wakoloni. Alilala hukohuko, kwenye mkeka kando ya kitanda cha mtoto wao. Sisi watoto wake wa kuzaa tulimwona Jumapili tu. Bibi ndiye aliyetulea, mimi na mdogo wangu, tuliyemwita Kidonge kwa udogo wake.

"Mama yetu kaazimwa," Kidonge alizoea kusema, "na wale watu hawarudishi vitu."

Tulikuwa tukicheka mpaka bibi atufokee.

Mwaka ule surua iliingia mtaani. Kidonge akashikwa na homa, macho yakamwiva, kifua kikawa kinakoroma. Bibi akanituma mlimani. Nilipitia mlango wa jikoni, nikamkuta mama amempakata yule mtoto, anamlisha uji.

"Mama, Kidonge anakuita. Hali yake mbaya."

Akaenda kuomba ruhusa. Nikasikia sauti ya mke wa bwana mkubwa kutoka sebuleni: "Leo tuna wageni. Utakwenda Jumapili."

Mama alirudi jikoni. Akajifungua mtandio wake. "Mfunike na huu. Mwambie nakuja."

Jioni alishuka mbio bila ruhusa ya mtu. Alimkuta Kidonge ameshakata roho. Alikaa chini, akampakata, akawa anamtikisa polepole kama anayemlaza.

Tulipokwisha kuzika, akaja dereva wa bwana mkubwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, haya imemjaa.

"Pole, dada. Wanakuita. Mtoto analia, hataki kula."

"Kawaambie wa kwao analia," mama alisema. "Wangu amenyamaza."

Dereva hakwenda kusema. Alivua viatu, akaketi na wafiwa. Maneno yale yakapita jiko hadi jiko, na kesho yake wapishi, madobi na watunza bustani wote hawakupanda mlima. Kwa mara ya kwanza wakubwa walijipikia chai.

Askari wakaja kumchukua mama. Walimwita mchochezi, yeye ambaye hata sauti hakuwahi kuipandisha.

Miaka ikapita. Bibi naye akafariki. Watu walipoinuka nchi nzima na milango ya gereza ikavunjwa, nilisimama nje nikitazama kila uso. Mwanamke mwembamba, kichwa kimejaa mvi, akanipita, kisha akarudi.

"Umekuwa mrefu, mwanangu," alisema.

Nikamkumbatia. Nilikuwa nimempita kimo. Alinishika mkono, akaniuliza nyumbani ni njia ipi.