Nyumba Imejaa Nini?

Afisa wa ustawi wa jamii alikuwa mgeni, Kiswahili hakijui. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba nyumba ya kaka yangu imejaa "spirits". Mkalimani akakohoa, akatafsiri: imejaa pombe kali.

Niliona taya la kaka likikakamaa. Pombe hajawahi kuionja, ila hasira zake ziko karibu, na hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Akipandisha sauti mara moja tu, mtoto wake anaondoka na bibi yake. Mama mkwe wa kaka alikuwa ameketi mbele yetu, mkoba mapajani, tayari kumchukua mjukuu. Marehemu binti yake, mke wa kaka, hakumwachia mjukuu mwingine.

Nikamkanyaga kaka mguu chini ya meza, nikasema mimi. Huyu ni fundi wa vanishi, kazi anafanyia sebuleni, vanishi yake anaichanganya na spiriti ya dukani, na harufu inafika barabarani. Mkalimani mzima angeuliza kabla ya kuropoka. Nikaviinua vidole vya kaka, vyote rangi ya chai, wavione. Mkalimani akaona haya, akamweleza afisa, nami nikashusha pumzi.

Afisa akatikisa kichwa. Hakumaanisha pombe wala spiriti, bali mizimu. Safari hii mkalimani alitafsiri polepole: mtoto mwenyewe amesema mama yake bado yumo mle ndani, na baba huongea naye kila siku akipiga msasa.

Pombe niliweza kuikana, lakini mzuka nitaujibu nini? Nikamtazama kaka, nikiomba akane, aseme ni ndoto za kitoto.

"Ni kweli," kaka akasema. "Naongea naye. Juzi mtoto kang'oka jino. Nimwambie nani mwingine?"

Afisa akaanza kuandika. Nikajua basi, kaka amejitia kitanzi mwenyewe.

Mama mkwe akafungua mkoba, akaufunga tena. Tangu mazishi hakuwa amempa kaka hata salamu.

"Mwanangu," akamwita, "huwa binti yangu ananiulizia?"

"Kila siku, mama."

Bibi akainamisha kichwa. Kisha akamgeukia mkalimani.

"Mwambie huyo afisa asiandike zaidi. Mtoto atabaki kwa mama yake."