Unyayo wa Nne

Joab alimleta mbwa kwa mkokoteni, saa tatu ya asubuhi, kwa mlango wa uani. Bi Tumu akashukuru kwamba angalau kijana huyo alikuwa na akili ya kutopita naye mlango wa mbele, mtaa mzima wa Bondeni ukitazama.

"Subalkheri, mama. Ndiye huyu."

"Namuona. Yu hai?"

"Yu hai. Amelewa dawa tu."

Karafuu alikuwa amelala juu ya gunia, ubavu ukipanda na kushuka. Alipewa jina hilo kwa rangi yake, kahawia iliyoiva kama karafuu iliyokauka vizuri. Mguu wake wa nyuma wa kulia ulikuwa umenyolewa mpaka ngozi, na kwenye goti palikuwa na mshono mrefu mweusi. Siku mbili kabla, lori lilimgonga kule Makupa. Daktari wa wanyama wa jeshi, Mzungu aliyekuja Mombasa kutibu nyumbu wa kubeba mizigo, alisikia kwamba mwenye mbwa ni askari aliye vitani huko Bama, akipigana na Wajapani, akasema atajaribu. Akalifungua goti, akatoa vipande vya mfupa, akashona kilichokatika ndani. Joab, msaidizi wake, ndiye aliyeshika chupa ya dawa ya usingizi.

"Siku kumi alale," Joab alisema. "Asiruke, asilambe mshono. Umkande goti kwa joto, asubuhi na jioni. Baada ya hapo atembee, hatua chache, mara tatu kwa siku. Hapo ndipo penye kazi, mama. Asipoukanyagia mguu, utanyauka. Siku ya ishirini na moja daktari atakuja mwenyewe kumtazama, maana kesho yake kambi inahama."

"Na akimkuta haukanyagii?"

Joab akaanza kukunja kamba ya mkokoteni. "Daktari hapendi kumwacha nyuma mnyama wa kuteseka. Ana sindano yake."

"Basi sema hivyo. Usinizungushe."

Mbwa hakuwa wa Bi Tumu. Alikuwa wa Kaingu, hamali wa bandarini aliyepanga chumba cha uani kwa miaka minne, mpaka alipojiandikisha jeshi. Asubuhi ya kuondoka alisimama pale pale na mfuko wake begani, akasema, "Mama, mimi sina mke, sina mzazi. Nina huyu tu. Nikuwekee amana?" Bi Tumu, ambaye hakuwahi kumgusa mbwa tangu azaliwe, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Weka," alisema. Mumewe Abdulghafur, fundi cherehani, nusura ameze sindano aliyokuwa ameibana midomoni.

Lakini amana ikishapokewa imepokewa. Kila barua ya Kaingu, iliyoandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, iliuliza mambo matatu: hali ya mama, hali ya bwana, na je, Karafuu anakula? Kila mara Bi Tumu alimjibu kwamba anakula. Habari ya lori hakuiandika. Aliwaza siku Kaingu atakapobisha hodi, na yeye ampe mkononi kamba tupu ya shingoni, basi.

Tabu yenyewe ilikuwa hii: kwa sheria ya dini yake, mbwa kavu ukimgusa kwa mkono mkavu, hakuna neno. Akikupata na mate yake, au umaji wowote, utaosha mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Wapo waliosema hiyo ndiyo sababu ya kumrudisha mbwa kambini. Bi Tumu aliona ni jambo la kupangwa tu. Aliagiza kikapu cha udongo wa kichanga, akakiweka kando ya mlango wa jiko. Alishona mifuko miwili ya kuvaa mikononi kwa vipande vya kitambaa cha amerikani. Na kwa kuwa kitambaa cha maji ya moto kingemtia unyevu, alikaanga chumvi akiikoroga kwa mwiko, akaifunga kwenye tambara, akamkanda nayo goti kama anavyokandwa mzazi.

Wifi yake Mwanaesha aliyakuta hayo akashika kiuno.

"Wifi! Chumvi hiyo si ndiyo uliyonikandia mimi nilipojifungua?"

"Na ukapona. Mwache naye apone."

"Makubwa! Na mwiko ni ule ule?"

"Mwiko mwingine. Kaa kitako au uende, unanizibia mwanga."

Siku kumi zikapita. Karafuu alilala kwenye pembe yake, kamba fupi shingoni, na kila joto la chumvi lilipomfikia alipumua pumzi ndefu kama mtu mzima. Alitoka udenda mwingi, na kila ulipodondoka, Bi Tumu alikuwa amekwisha inama na ndoo. Mara saba. Sakafu ya ua ule ilikuwa ya chokaa, iliyosuguliwa kwa miaka thelathini, na kwa siku zile iling'aa kama sahani ya kaure. Hakuna mgeni ambaye angesema nyumba ya Tumu imechafuka.

Joab akaja, akatoa nyuzi, akasema kidonda kimefunga vizuri. Ikawa zamu ya kutembea.

Bi Tumu alimpitishia leso kuukuu chini ya tumbo, akazishika ncha zote mbili juu ya mgongo ili kumpunguzia uzito. Karafuu akasimama. Akaenda hatua tatu, nne, kwa miguu mitatu. Ule wa nne ulining'inia.

"Leso ya Idi umemvika mbwa!" Mwanaesha akacheka kutoka mlangoni. "Hiyo ina jina gani?"

"Ina tundu. Ndilo jina lake."

Siku ya kumi na mbili, hivyo hivyo. Ya kumi na tano, hivyo hivyo. Ya kumi na nane Karafuu aliugusisha mguu chini mara moja, akatetemeka, akaurudisha juu upesi kama aliyeunguzwa. Bi Tumu alichukua futi ya mumewe, akaupima mguu mgonjwa pajani, kisha ule mzima. Ule mgonjwa ulikuwa umepungua inchi nzima na robo.

"Tumu! Hiyo futi napimia makanzu ya watu!"

"Kavu kwa kavu. Hakuna neno."

Alitania, lakini akaupima tena. Alichuchumaa mbele ya mbwa. "Wewe. Nilikupokea na miguu minne, niliihesabu. Ataniuliza mwenyewe, nimjibu nini?" Karafuu alimtazama, akatikisa mkia mara mbili, akalala.

Siku ya ishirini, Abdulghafur alitoka jikoni na kikombe cha chai akakipiga teke kikapu. Udongo wote ukamwagika, ukatandaa katikati ya ua.

"Macho umeyaacha cherehani?"

"Nitauzoa."

"Hutauzoa, utaueneza. Uache. Nikishaepua chungu nitauzoa mwenyewe."

Alipotoka na ufagio, Karafuu alikuwa amehama. Kamba yake, iliyorefushwa tangu aanze kutembea, ilivuka katikati ya ua, na sasa alikuwa amelala upande wa pili wa ule udongo. Bi Tumu aliinama afagie. Akasita.

"Abdulghafur, simama hapo hapo. Usikanyage."

"Nimefanya nini tena?"

"Nyamaza. Njoo kwa ukutani."

Udongo ulikuwa na nyayo. Mbili za mbele, na wa nyuma wa kushoto, zilizozama. Na kulia, mwepesi, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa, palikuwa na wa nne. Mbele yake mwingine. Na mwingine.

Bi Tumu aliuvua mguu wake kiatu, akakanyaga mchangani. Kisha akakanyaga sakafuni, pale alipotoka kuosha asubuhi ile. Mguu ukateleza, akamshika mumewe bega.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Mnyama ana goti la kushonwa, na mimi namtembeza juu ya ute wa bamia. Nimemwaga maji humu siku ishirini. Hata mimi nisingekanyaga." Akamsukuma. "Nenda kalete udongo. Vikapu sita. Na cha kuoshea mate kiweke mbali, usinichanganyie."

Jioni ile ua wote ulikuwa umefunikwa. Mwanaesha aliuliza kama wanataka kupanda mihogo.

Asubuhi daktari alifika na Joab nyuma yake. Alikuwa mrefu, mwekundu shingoni, mwenye haraka za mtu anayehama. Karafuu alipoisikia tu ile harufu ya dawa, alijibana ukutani akaukunja mguu mpaka tumboni. Joab akamvuta taratibu. Akakataa. Daktari alichuchumaa, akalipapasa lile goti, akaubinya ule msuli uliopungua, akatikisa kichwa. Akasema neno kwa Kizungu, akaunyoosha mkono kwenye mkoba.

"Amesema nini?" Bi Tumu aliuliza.

"Mama, amesema pole."

"Mwambie asubiri na pole yake. Mwambie mbwa anamuogopa yeye. Ana haki, yeye ndiye aliyemkata."

Joab akauliza, "Nimwambie hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na atoke, nawe utoke naye. Nitasawazisha udongo wote huu kwa ufagio, aone kwanza hakuna alama. Akirudi, asitazame mbwa. Atazame chini."

Joab alitafsiri, sijui kwa maneno gani. Daktari alimtazama yule mwanamke mfupi mwenye ufagio, akaitazama saa yake, akatoka.

Bi Tumu akasawazisha. Akaenda upande wa pili wa ua, akachuchumaa. Mifuko ya amerikani ilikuwa imeanikwa kwenye kamba ya mbali, na muda wa kuifuata haukuwapo. "Karafuu," aliita, kwa sauti ambayo Abdulghafur, nyuma ya pazia, hakuwahi kuisikia tangu watoto walipokua. "Njoo, baba. Njoo kwangu."

Mbwa akainuka. Akanusa mchanga. Akaja, taratibu, akichechemea, mpaka akaweka pua yake yenye maji katika viganja vyake vitupu, akavilamba. Bi Tumu hakuvuta mikono.

"Ingieni!" aliita.

Daktari alisimama kizingitini, macho chini. Akaifuata ile mistari ya nyayo hatua kwa hatua, akapiga goti kando ya unyayo mmoja wa kulia, akatia ncha ya kidole kupima kina chake. Mwishowe akacheka peke yake na kuufunga mkoba.

"Anasema uendelee hivi hivi miezi miwili," alisema Joab. "Atachechemea kidogo maisha yake yote, lakini mguu ni wake. Na anauliza nani alikufundisha."

"Mwambie mume wangu, kwa teke." Alikuwa bado amechuchumaa. "Wewe unajua kuandika, Joab?"

"Najua, mama."

"Mwandikie Kaingu. Mweleze habari ya lori, usimfiche kitu. Kisha useme amana yake ipo, miguu minne."

Akainuka, akavishika viganja mbali na nguo, akaenda kwenye kile kikapu cha mbali, cha udongo wa kuoshea. Joab alimsikia akihesabu.