Tope la Mabwawa ya Kitura

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuruhusiwa kuingia Mbinga, kampuni moja ilijenga kiwanda cha kumenya kahawa kando ya kijito chetu cha Kitura, na mjukuu wangu wa kike, Tadea, akapewa kazi ya kusafisha maji machafu. Mimi nilisomeshwa na wamisionari na sikuwahi kushindwa na somo, lakini hilo ilibidi anieleze mara ya pili. Maji yaliyoosha kahawa, alisema, yamebeba naitrojeni. Yakiachwa yaende hivyo hivyo, yatafika Ziwa Nyasa, na pale samaki waitwao mbasa wanapoingia mtoni kwenda kutaga mayai, majani ya maji yatastawi kupita kiasi, yataoza na kuwanyima samaki hewa.

Kwa hiyo kulikuwa na mabwawa mawili. Katika la kwanza injini ilipuliza hewa, na bakteria wakaigeuza amonia kuwa naitreti. La pili halikupulizwa. Humo bakteria wa namna nyingine waliivunja naitreti, na naitrojeni ikapanda angani bila kumdhuru mtu. Wote waliishi katika tope la mabwawa hayo.

“Mimi ni mchungaji, babu,” aliniambia. “Ila ng’ombe wangu hawaonekani.”

Ofisi ya maji ilikuwa imetoa onyo kwamba afisa wake angekuja Ijumaa kupima. Maji yakionekana machafu, kiwanda kingefungwa katikati ya mavuno, na kahawa mbivu ya tarafa nzima ingeozea kwenye vikapu. Tadea ndiye aliyekuwa ametia sahihi kwamba yangekuwa safi.

Jumatatu mkanda wa injini ulikatika, akaenda Songea kutafuta mwingine. Siku hiyo hiyo Otilia, mjane wa mdogo wangu, aliita ngokela. Kwetu Wamatengo ngokela ni kazi ya pamoja: mwenye kuhitaji huandaa kinywaji au chakula, na majirani huja na majembe yao. Otilia alikuwa amesikia kwamba mgeni wa serikali anakuja, na kwa macho yake aliona mabwawa ya mjukuu wake yamejaa uchafu. Mimi sikuwapo. Walikuja watu wengi. Waliyakausha mabwawa, wakakomba tope lote, wakasugua mawe hadi yakang’aa. Na kwa kuwa ruzuku ya mbolea ilikwisha kuondolewa, tope hilo nono walilibeba hadi kwenye bustani zao za maharage bondeni. Ladislaus, meneja wa kiwanda, alisimama ukingoni akiwasifu.

Tadea aliporudi Jumanne hakulia wala hakumlaumu mtu. Alishuka bondeni, akachota tope kiganjani, akalinusa. Kwenye bustani zenye unyevu bakteria walikuwa wangali hai, alisema, lakini si kwa siku nyingi. Likirudishwa mara moja mabwawa yangeweza kufufuka; kuanza upya kungechukua majuma mengi.

Sikuweza kuketi. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikaamuru tope lirudishwe kabla ya jua kuzama. Kila mahali nilipewa kigoda, nikasikilizwa kwa adabu, na hakuna aliyegusa jembe. Kazi ya ngokela haifumuliwi. Kuifumua ni kumwambia mtu kwamba jasho lake lilikuwa takataka. Ignatio, ambaye nilimfundisha kusoma, aliniuliza kwa upole kama na mimi ningeirudisha pombe yote niliyokunywa kwenye ngokela zao. Nilitoka kwake bila kuaga.

Jumatano asubuhi Ladislaus alikuja na wazo lake: mabwawa yajazwe maji safi ya kijito, na yale ya kiwanda yapitishwe nyuma kwa mfereji mpaka afisa aondoke. Tadea alimjibu kwamba mfereji huo akauchimbe yeye mwenyewe, na kwamba afisa angeonyeshwa ulipo. Kisha alifunga kitenge, akaenda kwa Otilia. Nilimfuata, nikabaki uani, nikizunguka.

Alipiga magoti mlangoni. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Umekuja kunisuta?”

“Nimekuja kushukuru. Kazi yenu imekwisha. Sasa naomba uniitie ngokela yangu.”

“Kazi gani?”

“Kubeba tope.”

“Lile lile?”

“Lile lile, bibi. Na maharage yatakayong’oka nitayapanda mwenyewe.”

“Wewe? Jembe lenyewe unalishika kama kalamu.” Ndipo akaniona. “Pombe haiwezi kuiva kabla ya Ijumaa. Huyo babu yako achinje nguruwe wake, badala ya kutangatanga uani kwangu kama kuku anayetafuta pa kutagia.”

Sikupendezwa na magoti yale, wala na maneno yale. Nilikwenda kumfunga nguruwe.

Alhamisi nzima walipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, Otilia mbele, akiwatania waliochoka. Ignatio alinipita mara kadhaa bila kuniangalia. Mkanda mpya ulifungwa, injini ikaanza kunguruma, na mapovu yakapanda kwenye maji ya rangi ya udongo.

Afisa aliitwa Bartholomayo, mwana wa mvuvi wa Liuli, kule ziwani. Ijumaa alichota maji ya bwawa la pili, akatia dawa kwenye kichupa. Maji yakageuka kuwa ya waridi. Alimpa Tadea kichupa, akamuuliza anaona nini.

Ladislaus alikohoa. Watu wote walikuwa ukingoni, na vikapu vyao vilikuwa vimepangwa hadi barabarani.

“Naitreti ingalipo,” alisema Tadea. “Jana rangi ilikuwa kali zaidi, lakini maji haya bado hayafai kwenda mtoni.” Kisha akaeleza yote, tangu kwenye mkanda.

Bartholomayo aliandika yote kwenye daftari lake. Hakufunga kiwanda. Aliamuru kimenye nusu tu ya kahawa na maji yake yabaki bwawani hadi atakaporudi kupima. Nusu nyingine ikaushwe majumbani na maganda yake, ingawa wote tulijua kwamba kahawa ya namna hiyo hununuliwa kwa bei duni.

Manung’uniko yalianza. Mtu alisema kwamba msichana angeweza kunyamaza. Nilipita katikati yao hadi kwenye foleni, nikatoa vikapu vyangu, vyote, nikaanza kuvibeba nyumbani. Nilipogeuka, Otilia alikuwa ameinua cha kwake, na nyuma yake Ignatio. Tadea hakutuona. Alikuwa amechuchumaa kwenye bwawa la kwanza, akisikiliza injini.