Kiruu cha Soud

Nyumba ya Bibi Khole pale Ibra haikupata kupoa: chungu jikoni, wajukuu ukumbini, habari za mtaa mzima barazani. Basi Soud, mwanawe, alipomtamkia mkewe Azza talaka, tena ya tatu, ile isiyo na marejeo, bibi hakulia. Alitafuta neno.

Hasira kila mtu anayo, alimfundisha mkwewe garini, wakienda kwa sheikh wa Mudhaibi. Ghadhabu nayo humwachia mtu akili zake. Ama kiruu, hicho kikimpanda mtu hajijui, hamjui hata mamaye, na asemayo ni upepo.

"Ukenda ukasema hasira tu, mwanangu, kesho uko Sur kwa baba'ko na wajukuu zangu. Mimi niongee na kuta."

Azza alitazama barabara.

Sheikh, mzaliwa wa Bujumbura, alisema kwao neno hilo hakulisikia, aelezwe. Bibi akaeleza, akanogewa. Akamtolea mfano jirani yake wa zamani wa Unguja aliyepandwa na kiruu akaupiga teke mlango wake mwenyewe, mguu ukavunjika, na asubuhi akawa anauliza nani kamvunja. Hata Soud, aliyekuwa kainama tangu waingie, alicheka. Sheikh naye akatabasamu: ikiwa hasira zenyewe zilifika huko, talaka haikuanguka.

"Hebu nisimulie siku hiyo, bibi. Ulikuwepo?"

"Nisiwepo vipi, na kahawa namimina mimi? Azza kasema lake, huyu kajibu lake. Mwisho kapiga funda, katikisa finjani, kanirudishia, ndipo aliposema."

Tabasamu la sheikh likafifia. Nchi hii ya Waarabu hata mtoto anajua: usipotikisa finjani utaongezwa, anayetikisa ametosheka, na anajua afanyalo.

"Alitikisa?"

Bibi alishusha mikono aliyokuwa akisimulia nayo. Akamtazama mwanawe. Soud alikuwa akitazama zulia.

Azza ndiye aliyejibu, polepole. "Alitikisa, sheikh. Na akamwambia mama shukran."

Ijumaa iliyofuata bibi alipika chungu kilekile kikubwa, mkono haujui kidogo. Walikula wawili, yeye na Soud; watoto wako Sur na mama yao. Akammiminia Soud kahawa. Mwanawe akanywa, akanyoosha finjani bila ya kuitikisa. Akammiminia tena, akainyoosha tena, mpaka dele la kahawa likaisha.