Kitambaa Kikishakatwa

Dada yangu alikuja kibandani na mnunuzi wa cherehani yangu kabla hata sijanywa chai. Hakupiga hodi. Alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, na mpaka leo hajakubali kwamba nilishashuka.

"Mdogo wangu, kesho unapasuliwa jicho," alisema, utadhani nimesahau. "Iuze leo, ungali unaiona. Huyu bwana yuko tayari."

Huyo bwana ni fundi wa suruali, kibanda cha tatu kutoka changu. Alikuwa ameshapiga magoti, anachungulia chini ya cherehani, anazungusha gurudumu na kuguna. Alaa! Mgonjwa bado anapumua, watu wanagawana viatu vyake!

Mambo yalikuwa hivi. Jicho la kushoto lilizima mwaka juzi. La kulia likaanza kuingia ukungu pembeni, ukawa unasogea kidogo kidogo, mpaka kutunga uzi kwenye sindano ikawa vita. Daktari hakunificha. "Tukikuacha hivi utapofuka. Tukikupasua, linaweza kupona, linaweza kuzima siku hiyohiyo. Siwezi kukuahidi." Nilimpenda kwa hilo. Mzee wa kanisa yeye alikuja na ahadi kabisa: Mungu amemwambia nitaona. Nikamuuliza, mbona mimi hajaniambia, na jicho ni langu? Akakohoa, akaomba maji.

Mungu namwamini, ila simwekei maneno mdomoni. Sijui kama nitaamkia mwanga au giza. Yeye anajua, inatosha. Na siku ambazo naona haitoshi, nazo huwa ninaamka na kufungua kibanda.

Mezani palikuwa na kitambaa cheupe cha gauni la harusi ya mwezi wa nane. Bibi harusi ni mwalimu wa chekechea. Juzi nilimweleza yote, nikamkabidhi kitambaa chake apeleke kwa fundi mwingine. Akakirudisha mezani.

"Mama, mimi naolewa na mtu nisiyejua atakuwaje tukizeeka. Utanitisha na jicho?"

Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Lakini sikukikata. Sisi mafundi tuna mwiko: kazi usiyo na hakika ya kuimaliza, usiiguse kwa mkasi. Kitambaa kizima kinarudishwa kwa mwenyewe. Kikishakatwa ni mzigo wako, hakuna cha samahani mteja. Siku mbili nilikizunguka, nikijidai eti nasubiri mwanga mzuri wa asubuhi. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa.

"Na mkasi huu nao unauzwa?" akauliza fundi wa suruali, ameshauokota.

Damu ikanichemka. Nikamnyang'anya.

"Dada, shika pembe ile. Vuta."

"Unafanya nini?"

"Kazi."

Nikakitandaza, nikachora kwa chaki ya bluu kwa sababu ndiyo ninayoiona, nikapitisha kidole juu ya mstari mara mbili. Kisha nikakata. Begani, kwapani, kiunoni, mpaka chini kabisa. Mkono ulitulia; moyo ndio uliokuwa unapiga kama mlango unaogongwa. Nikasema kwa sauti, wote wasikie:

"Bwana Mungu, nimekata. Jicho la kushonea unalijua wewe. Ukinipa, asante. Ukininyima nitalia, tena nitakugombeza, lakini nitakuja kulilia kwako. Sina kwingine, na sitafuti."

Fundi wa suruali akasimama, akajipangusa magoti. "Huyu mama amechanganyikiwa," akamwambia dada, akaenda zake.

Dada alikuwa bado ameshika pembe, machozi yanadondokea kitambaa cha watu. "Na ukitoka huko huoni? Nani atashona?"

"Wewe. Mimi nitakushika mkono, nikuelekeze."

"Mimi hata kifungo sijui kushona!"

"Ndiyo maana nazidi kuliombea hilo jicho."

Akanipiga begani, akacheka huku kamasi zinamtoka. Tukakunja vipande pamoja, nikavifunga kwa pini na kubandika kikaratasi chenye jina la mwalimu, herufi kubwa.

Kesho yake, nje ya chumba cha upasuaji, muuguzi alinivua miwani na dunia yote ikawa maziwa. Niliogopa, nisidanganye mtu. Dada alining'ang'ania vidole mpaka muuguzi akamwambia, "Mama, sasa mwachie." Kitanda kikaanza kusukumwa, nikamsikia nyuma yangu anaangua kilio, kile cha msibani kabisa.

Nikainua kichwa, nikapiga kelele korido nzima isikie:

"Dada! Nyamaza, uende dukani! Uzi mweupe umeniishia!"